Mizani imegoma kusogea? Pima haya mengine

Mtu anaanza tizi Januari, anakimbia, anapiga pushapu, anapunguza chapati, na mwisho wa mwezi wa pili mizani inasoma kilo 84 zilezile. Wengi huishia hapo. Mizani yenyewe haina kosa: inapima uzito wa kila kilichosimama juu yake, yaani mifupa, misuli, mafuta, maji na chakula cha jana usiku, na haijui kutenganisha kimoja na kingine.

Kinachovuruga zaidi ni maji. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kiasi cha gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukikata ugali na wali ghafla, akiba inaliwa, maji yake yanatoka, na kilo moja na zaidi inapotea ndani ya siku chache bila mafuta kuguswa. Ukila pilau ya harusi, inarudi. Chumvi nyingi hushikilia maji. Siku za kabla ya hedhi wanawake wengi huongezeka kilo moja au mbili, kisha zinashuka zenyewe. Misuli iliyoshtuliwa na zoezi jipya nayo huvuta maji kwa siku kadhaa, kwa hiyo wiki ya kwanza ya jimu inaweza kukuongezea uzito. Na anayejipima Ramadhani saa kumi na moja jioni, kabla ya kufuturu, anapima kiu.

Kama huwezi kuachana na mizani, jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, andika, halafu mwisho wa wiki jumlisha siku saba ugawanye kwa saba. Linganisha wastani na wastani. Namba ya siku moja haina maana yoyote.

Sasa tuje kwenye vipimo vinavyojibu swali ambalo mizani haiwezi. Kila kimoja kinajibu swali moja tu: kiuno kinazungumzia mafuta ya tumboni, mapigo yanazungumzia moyo na pumzi, daftari la chuma, yaani la kuandika kilo unazonyanyua, linazungumzia nguvu. Usichukue vyote. Vitatu au vinne vinatosha, mradi uvifanye kwa namna ileile kila mara.

Kiuno, na tepu ya fundi

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechagua hiki. Tepu ya fundi cherehani inafaa, ila za kitambaa na za plastiki laini hurefuka zikizeeka, na tepu iliyorefuka husoma namba ndogo kuliko ukweli. Utashangilia kupungua ambako hakupo. Ilaze kando ya rula ya sentimita 30 kabla ya kuanza, na urudie ukaguzi huo kila baada ya miezi michache. Tumia upande wa sentimita badala ya inchi, kwa kuwa inchi moja ni sentimita 2.54 na mabadiliko madogo yanapotelea humo.

Simama wima, miguu ikiachana kidogo, tumbo wazi bila shati wala kanga. Kwa kidole, tafuta ubavu wa mwisho upande wa kwapa, kisha tafuta ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya hizo alama mbili ndipo tepu inapopita. Shirika la Afya Duniani nalo linapima hapohapo, na kwa watu wengi ni juu kidogo ya pale mkanda wa suruali unapokaa. Usiamini namba ya suruali: mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo na anaweza kuvaa saizi ileile miaka kumi huku tumbo likiendelea kukua juu yake.

Zungusha tepu, hakikisha haijapinda mgongoni (kioo au mtu wa nyumbani atakusaidia), pumua kawaida, na usome mwisho wa kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Tepu iguse ngozi bila kuibana. Pima mara tatu, chukua namba ya katikati. Ukifanya vizuri bado utakuwa na tofauti ya nusu sentimita hadi sentimita moja kati ya kipimo na kipimo, kwa hiyo badiliko la chini ya sentimita moja lihesabu kuwa hakuna kilichotokea. Kila wiki mbili inatosha. Kila siku ni kujitesa.

Namba ya kulenga ni rahisi kukumbuka: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 170 awe chini ya 85. Shirika la Afya Duniani linataja hatari ya magonjwa ya moyo na sukari kuanza kupanda pale kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na kupanda zaidi ukipita 102 na 88. Mjamzito asihangaike na kipimo hiki.

Ukishapima kiuno, ongeza mkono wa juu na paja, kila mara sehemu ileile. Kwa mkono, pima katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, mkono ukining'inia. Kwa paja, weka alama ya kalamu sentimita 20 juu ya ukingo wa juu wa kifuniko cha goti. Fanya hivyo kabla ya zoezi, kwa sababu mara baada ya kunyanyua, damu hujaa kwenye misuli na mkono unanenepa kwa saa moja au mbili.

Kusoma matokeo ndiko kwenye utamu. Uzito uleule, kiuno kimepungua sentimita 3, paja limebaki au limeongezeka: mafuta yametoka na misuli imeingia, endelea vivyo hivyo. Uzito umeshuka kilo 4, kiuno kimeganda, mkono na paja vimepungua: unayeyusha misuli na maji. Hapo kuna mawili ya kuangalia. Umekata chakula kupita kiasi, au huli protini ya kutosha. Rudisha maharage, dagaa, mayai, samaki, na unyanyue kitu kizito angalau mara mbili kwa wiki.

Mapigo ya asubuhi

Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi ukiwa umepumzika. Kwa mtu mzima mapigo 60 hadi 100 kwa dakika ndiyo ya kawaida. Wakimbiaji wazoefu hushuka hata kwenye 40 na kitu. Miezi michache ya kukimbia au kuendesha baiskeli huweza kuyapunguza mapigo kadhaa.

Pima ukiamka, bado umelala chali, kabla ya kahawa na kabla ya kushika simu kusoma meseji. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie gumba kupima, lina mapigo yake na litakuchanganya. Washa saa, pigo la kwanza liite sifuri, hesabu sekunde 60. Ile desturi ya kuhesabu sekunde 10 na kuzidisha kwa sita iache kwa kipimo hiki: ukikosea pigo moja, umekosea sita, na sita ni kubwa kuliko maendeleo ya mwezi mzima. Fanya asubuhi tatu mfululizo, chukua wastani, rudia baada ya mwezi.

Namba hii pia inakupa onyo. Ikiwa kawaida yako ni 62 na umeamka na 70 na kitu, mwili una jambo: usingizi haukutosha, pombe ya jana, homa inayokuja, malaria, au tizi lililozidi. Siku hiyo tembea tu. Wanaotumia dawa za presha kama atenolol au propranolol wafahamu kwamba dawa hizo huyashusha mapigo, ukiwa umepumzika na ukiwa kwenye zoezi, kwa hiyo vipimo vya mapigo haviwafai. Wao watumie kipimo cha pumzi: je, unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika ukitembea kwa mwendo huu? Mwezi ujao je, kwa mwendo wa kasi zaidi?

Kipimo kingine ni kushuka kwa mapigo. Ukimaliza zoezi kali, hesabu mapigo ya sekunde 15 mara moja uzidishe kwa nne, kisha subiri hadi dakika moja itimie tangu uliposimama, uhesabu tena. Tofauti ya namba hizo mbili ikikua mwezi hadi mwezi, moyo unapona haraka. Ikiwa kila mara yanashuka 12 au pungufu, zungumza na daktari kabla ya kuongeza mazoezi. Hapa watu hukosea kwa kubadilisha mkao: leo amekaa, wiki ijayo anatembea. Chagua mmoja.

Pumzi: dakika 12 uwanjani

Mwaka 1968 daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Kenneth Cooper, alitoa jaribio ambalo hadi leo marefa na wanajeshi wanalijua vizuri: kimbia dakika 12, pima umbali. Chukua mita ulizokwenda, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Jibu ni makadirio ya mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wako inaweza kutumia kwa dakika. Aliyekimbia mita 2,000 anapata kama 33. Aliyefika 2,400 anapata 42 na ushei. Kwa matumizi ya nyumbani huhitaji hata hesabu hiyo, umbali wenyewe unatosha.

Uwanja wa riadha wa mita 400 ni wachache walio nao karibu. Uwanja wa mpira wa vipimo kamili, mita 105 kwa 68, una mzunguko wa mita 346. Lakini viwanja vya mtaani havina vipimo kamili, vingine vimeliwa na barabara au vibanda, kwa hiyo pima mwenyewe kwa futi kamba ya mita 50 pande zote nne, usiamini hatua zako wala GPS ya simu kwenye mizunguko mifupi yenye kona. Weka chupa kila mita 50 ili ukiishia katikati ya mzunguko ujue umefika wapi. Mwenzako ahesabu mizunguko. Mtu anayehema vibaya hajui kama huu ni wa tano au wa sita.

Kinachoharibu jaribio hili ni dakika mbili za kwanza. Watu huondoka kama wanakimbiza daladala, dakika ya nne wamekwisha, na namba wanayopata inapima ujinga wa mwendo kuliko pumzi. Pasha mwili moto dakika 10, anza kwa mwendo ambao una uhakika unaweza kuushika dakika 8, kisha ongeza dakika 4 za mwisho. Fanya mara mbili ndani ya wiki mbili. Jaribio la kwanza ni la kujifunza mwendo, la pili ndilo uliandike.

Hali ya hewa inaingilia sana. Ukipima Dar es Salaam alfajiri na ukarudia saa sita mchana, joto na unyevu vitakunyima mita nyingi, kwa sababu sehemu ya damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: anayetoka Mombasa akapima wiki ya kwanza akiwa Nairobi ataona amerudi nyuma, kumbe ni oksijeni tu imepungua. Linganisha mahali na palepale, saa na saa ileile.

Jaribio hili ni la kujikamua mpaka mwisho. Anayeanza leo, mwenye presha, mwenye zaidi ya miaka 40 aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, aliache. Badala yake atembee kwa kasi mizunguko minne ya uwanja wa mita 400, aandike muda na mapigo pale anapomaliza. Muda ukipungua kwa mapigo yaleyale, au mapigo yakipungua kwa muda uleule, amepiga hatua. Mimi hili la kutembea nalipenda kuliko la Cooper, kwa sababu unaweza kulirudia kila mwezi bila kuliogopa.

Mwenye nyumba ya ngazi ana njia nyingine ya dakika 3. Tafuta jukwaa la sentimita 30 ambalo halitikisiki. Kreti la soda na ndoo iliyopinduliwa havifai, vinateleza. Washa programu ya metronomu kwenye simu kwa midundo 96 kwa dakika: mguu juu, mguu juu, mguu chini, mguu chini, mdundo mmoja kwa kila mguu, yaani kupanda mara 24 kwa dakika. Dakika 3 zikiisha kaa chini, na ndani ya sekunde 5 anza kuhesabu mapigo ya dakika nzima. Namba ikishuka baada ya wiki sita, pumzi imepanda. Ukibadilisha urefu wa jukwaa, umeanza upya.

Nguvu: daftari la chuma

Andika zoezi, kilo, marudio, na seti (idadi ya mizunguko ya marudio hayo). Hiyo ndiyo kazi yote, na bado asilimia kubwa ya watu jimu hawaandiki. Wanakumbuka siku nzuri na kusahau mbaya.

Ili kulinganisha siku ya kilo 60 mara 8 na siku ya kilo 65 mara 5, tumia hesabu hii: gawanya marudio kwa 30, ongeza 1, zidisha kwa kilo. Kilo 60 mara 8 ni sawa na kuweza kunyanyua kilo 76 mara moja. Kilo 65 mara 5 ni kama 75.8. Kwa hiyo hujapanda wala kushuka, ingawa chuma kimeonekana kizito zaidi. Hesabu hii huaminika kwa marudio yasiyozidi 10. Ukipiga 20 inaanza kudanganya.

Kabla ya hapo ujue kilo zako ni kilo kweli. Chuma kirefu cha mashindano ni kilo 20, lakini kilichochomelewa na fundi mtaani kinaweza kuwa 9 au 14. Simama kwenye mizani nacho, kisha bila hicho, toa. Wanaotumia makopo ya zege wapime kila kopo peke yake, maana makopo mawili yaliyojazwa kwa macho hayalingani, na bega moja litabeba zaidi kwa miezi bila wewe kujua. Zege bichi pia lina maji. Lipime tena likishakauka kabisa.

Bila vyuma, hesabu pushapu na skwati, lakini weka kipimo cha kushuka. Panga ndala mbili, moja juu ya nyingine, chini ya kifua: pushapu ambayo kifua hakijagusa ndala haihesabiwi. Kwa skwati, weka kigoda nyuma, makalio yakiguse kidogo bila kukaa. Bila alama hizo, mtu hutoka 15 hadi 30 kwa mwezi kwa kufupisha mwendo tu. Ukishindwa kugusa ndala, hesabu imeishia hapo, hata kama mikono bado inasukuma.

Kwa wazee kuna jaribio la kiti: kiti kisicho na magurudumu, cha urefu wa sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani, mikono imekunjwa kifuani. Kwa sekunde 30, wasimame kamili na kukaa mara ngapi? Kwa umri wa miaka 65 hadi 69, chini ya 12 kwa baba au 11 kwa mama ni dalili kwamba miguu imedhoofika na hatari ya kuanguka imepanda. Mtu mwingine asimame karibu wakati wote. Mzee akilazimika kujisukuma kwa mikono, andika sifuri, kisha aanze mazoezi kwa kiti kirefu zaidi.

Vifaa vya kuuziwa

Mizani ya kisasa inayotoa asilimia ya mafuta hupitisha umeme mdogo kutoka mguu hadi mguu na kukisia mafuta kutokana na ukinzani. Inategemea maji mwilini, kwa hiyo ukinywa lita moja, ukitoka jasho au miguu ikiwa mikavu, namba inaruka. Kama unayo, itumie asubuhi tu na utazame mwelekeo wa miezi miwili. Kama huna, nunua mashine ya presha. Ile ya kufunga mkono wa juu, kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu haijapishana, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili kwa kupishana dakika moja. Namba ya juu ya presha ikishuka kutoka 138 hadi 128 kwa miezi mitatu, mazoezi yamekufanyia jambo kubwa ambalo mizani isingelionyesha kamwe. Presha ikizidi 140 kwa 90 siku tofauti tofauti, nenda hospitali. Mwenye kisukari aombe kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kukirudia kabla ya miezi mitatu ni kupoteza hela.

Kalori ambazo saa ya mkononi inadai umechoma zipuuze, hasa ukiwa unataka kuzila tena usiku.

Picha zinasaidia zikipigwa sawasawa: simu juu ya meza ileile, umbali uleule, mwanga wa dirisha mbele yako, asubuhi, nguo ileile, mbele, ubavu na mgongo, kila wiki nne.

Kuhusu daftari, ukurasa mmoja kwa mwezi unatosha: tarehe, saa, kiuno, wastani wa mapigo ya asubuhi, muda wa kutembea mita 1,600 na mapigo ya mwisho, seti bora ya mazoezi mawili makubwa. Pembeni andika neno moja la usingizi na moja la hedhi, mfungo au ugonjwa, kwa sababu baada ya miezi mitatu utaona mwezi mbovu na hutakumbuka kwamba ulikuwa na malaria. Vipimo viwili vikiharibika kwa pamoja wiki mbili mfululizo, tuseme mapigo ya asubuhi yamepanda na chuma kimekuwa kizito, kata seti zote kwa nusu kwa wiki moja, usiache kabisa, kisha upime upya.

Na katikati ya jaribio lolote kati ya haya, ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au maumivu yanayoshuka mkono au taya, simama, kaa chini na umwite mtu akupeleke hospitali mara moja.